Deni Si Langu, Mbona Nadaiwa Mimi?

SWALI: Assalaam aleikum mwandishi. Mimi nauza madera na leso karibu na Marikiti, na nambari yangu ya simu wanayo wateja wengi. Kwa wiki kadhaa sasa napigiwa na watu wasiotaja kampuni yao, wakisema kuwa mteja wangu mmoja alikopa kwenye programu ya mikopo ya simu, hajalipa, na kwamba mimi ndimi mdhamini wake. Nilipokataa, walinitumia ujumbe wa matusi na kunitisha kuwa jina langu litapelekwa CRB, kwenye rekodi za wasiolipa mikopo. Mteja mwenyewe amekatika dukani, nadhani kwa kuona haya. Je, nalazimika kulipa? Nao waliipataje nambari yangu?
Msomaji, Mvita

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Hulazimiki kulipa hata senti moja. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inasema kuwa mtu hawezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mwenzake isipokuwa ahadi hiyo iwe imeandikwa, na yeye mwenyewe au mtu aliyemwidhinisha awe ameitia saini. Mkopaji kuliandika jina lako anapojaza fomu kwenye simu hakukufanyi mdhamini, na kitisho cha CRB kwa mkopo ambao hukuuchukua wala kuudhamini kisikunyime usingizi.

Kuhusu nambari yako, ziko njia mbili. Huenda mteja alitakiwa kutaja watu wake wa karibu akakutaja wewe, au, kama ilivyotokea kwa wengi, programu iliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa katika simu yake, naye akakubali kwa kuwa bila hivyo mkopo haukutoka. Hapa ndipo dhuluma ilipo, nami nalisema hili bila kusita: ruhusa ya mwenye simu si ruhusa ya watu waliomo ndani ya simu. Wewe hukuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zichukuliwe kwake mwenyewe, ila kwa sababu chache zilizotajwa, na anayedai kuwa alipewa idhini ndiye anayebeba mzigo wa kuithibitisha.

Zaidi ya hayo, Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za watoa mikopo ya kidijitali mwezi Machi 2022, na kanuni hizo zinakataza waziwazi mambo uliyotendewa: kutumia vitisho au lugha chafu, kuingia katika orodha ya majina ya mkopaji ili kuwatumia watu wake ujumbe anapochelewa kulipa, kuwapigia watu hao bila idhini, na kumwanika mkopaji mtandaoni ili aaibike. Kanuni hizo hazikuzuka hivi hivi. Wakopeshaji wengi walikuwa wamegundua kuwa katika jamii zinazothamini stara, kama yetu ya Pwani, mtu atauza hata kitanda ili mkwewe au jirani yake asijue anadaiwa, wakaigeuza haya hiyo kuwa chombo cha kukusanyia pesa.

Usiwajibu kwa matusi. Waulize jina la kampuni na mahali walipoipata nambari yako, waambie kwa maandishi kuwa hukubali taarifa zako zitumiwe, kisha uhifadhi kila ujumbe pamoja na nambari zilizokupigia, tarehe na saa. Ukiwa na ushahidi huo, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inakuruhusu kulalamika kwa maandishi au kwa mdomo, na ukieleza kwa mdomo ni wajibu wa ofisi kuyaandika. Malalamiko yanapaswa kuchunguzwa na kukamilishwa ndani ya siku 90. Usidhani ni kazi bure, kwani Septemba 2023 Kamishna aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari ilizozipata kupitia watu wengine na kuwatumia wenyewe vitisho. Mbali na faini, sheria inakupa haki ya kudai fidia, na madhara yanayohesabiwa si ya pesa peke yake. Hata dhiki ya moyo imetajwa.

Nakusihi pia umtumie mteja wako salamu. Naye ana haki ya kulalamika ingawa anadaiwa, kwa sababu deni lake linabaki kuwa deni, lakini halimpi mkopeshaji ruhusa ya kumfedhehesha.

SWALI: Nilikopa kwenye simu, nikalipa deni lote, kisha nikaifuta programu. Bado naletewa ujumbe wa kunishawishi nikope tena. Je, kufuta programu hakukufuta taarifa zangu?
Kijana wa Kisauni

JIBU: Hakukufuta, mwanangu. Kilichoondoka ni kile kilichokuwa katika simu yako. Nakala ya kitambulisho chako, nambari zako na pengine majina ya watu wako zingali katika kompyuta za kampuni. Iandikie kampuni barua pepe ukitaka mambo mawili: ikueleze inahifadhi taarifa gani kukuhusu, na ifute zile ambazo haina tena haki ya kuzihifadhi. Inaweza kubaki na kumbukumbu za mkopo ambazo sheria inaitaka izihifadhi, ila si orodha ya majina ya jamaa zako. Ujumbe wa matangazo ni jambo jingine, kwa kuwa taarifa zako hazifai kutumiwa kwa biashara bila idhini yako ya wazi, nawe unaweza kuiondoa idhini hiyo wakati wowote. Wakikaidi, mlango ni ule ule wa Kamishna.

Ukihitaji kukopa tena, tafuta kwanza katika tovuti ya Benki Kuu orodha ya wakopeshaji wenye leseni. Angalia jina la kampuni, maana mara nyingi jina la programu ni tofauti. Tangu tarehe 31 Mei 2023, Google imezikataza programu za mikopo zilizo katika duka lake kusoma majina na picha zilizomo katika simu. Kwa hiyo programu ikikuletea kiungo cha kuipakua kutoka kwingineko, kisha ikaomba ruhusa ya kusoma majina hayo, usiikubalie, hata kama mkopo wenyewe ni wa shilingi 500.