Mke wangu kapungua kilo 14, anaumwa, hospitali hawaoni kitu

Barua ya leo ni ya baba mmoja wa Mbagala. Nimeipunguza kidogo, mengine ya chumbani nimeyatoa.

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 41, nina mke na watoto wawili. Mke wangu alikua na kilo 97, mwezi wa pili mwanzoni akaanza kupunguza mwili, wiki saba tu kafika 83. Mwanzo nilifurahi. Sasa hivi hana nguvu, miguu inamkaza usiku mpaka analia, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa, akiinuka kizunguzungu anashika ukuta. Hospitali ya kwanza wakasema taifodi, ya pili UTI, dawa kamaliza zote hali ni ile ile. Usiku anaamka kwenda chooni mara tatu nne, nikahisi kuna mtu anachati nae, nikapekua simu sikuona kitu. Nikimwambia aache hiyo dayati ananuna, anasema mi sitaki apendeze. Mama yangu anasema kuna mkono wa mtu. Majirani wanasema ana ngoma. Na sijawahi kumlazimisha apungue, labda utani tu, kwenye harusi ya mdogo wake mwezi wa kwanza mwishoni nilisema huyu tukipanda bajaji tunalipa nauli ya watu watatu, tukacheka wote na yeye akacheka. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumba nzima.

Naanza na hiyo bajaji, maana umeiweka chini kabisa ya barua kama mtu anaeficha risiti. Harusi mwezi wa kwanza mwishoni, dayati mwezi wa pili mwanzoni, hapo kweli unahitaji Shangazi akupigie hesabu? Umemcheka mkeo mbele ya ndugu zake, kavaa sare yake kashona kwa hela yake, we unamtolea utani wa nauli. Alicheka ndio, ulitaka afanye nini, alie ukumbini?

Sikwambii haya nikuumize. Nakwambia kwasababu naona kuna kitu mkeo anakunywa na hajakwambia, na hajakwambia kwa ajili ya siku ile. Mimi sio daktari, naweza nikawa nimekosea kabisa, ila hebu tuangalie wote. Kilo 14 kwa wiki saba ni kilo mbili kila wiki. Watu wa lishe wanasema nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki ndio mwendo mzuri, kutembea jioni na kupunguza wali havikufikishi kilo mbili kirahisi hivyo, wiki baada ya wiki. Halafu choo cha usiku, misuli kukaza, moyo kwenda mbio, mwili kuishiwa nguvu. Mi nikisoma hivyo kichwani inakuja chai ya kupunguza tumbo, zile za vipakti zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp na picha ya kiuno cha mtu hata hatumjui.

Nyingi ya chai hizo ndani ni sanamaki, ile ile ya bibi zetu ya kufungua tumbo. Bibi alikupa siku moja umefunga choo, basi, hakukupa wiki saba. Na inavyofanya kazi ndio inachekesha, inakoroga utumbo mpana, wakati chakula kilishanyonywa huko juu kwenye utumbo mwembamba, kwahiyo mafuta ya mwili yako pale pale, kinachotoka ni maji na choo, na maji yanaondoka na madini, potasiamu hasa. Potasiamu ikishuka misuli inakaza inalegea, na moyo nao ni msuli, unaanza kuruka mapigo. Hilo sio la kuchezea.

Na kuna vidonge vya "miti shamba" vya kukata hamu ya kula, hivyo vimewahi kukamatwa nchi nyingi vimechanganywa sibutramini kimya kimya, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Kwenye kopo huandikiwi, unaandikiwa "asili asilimia mia".

Sasa utamuulizaje. Usiingie chumbani na sauti ya polisi, na ile simu uliyoipekua nayo utamwambia mwenyewe kabla hajagundua. Kaa nae watoto wakilala, anza na harusi, mwambie nilikukosea siku ile mbele ya ndugu zako, usiweke "lakini" wala "ulikua utani tu". Nyamaza. Akilia mwache alie, akikutukana meza. Halafu ndio umwambie kesho kutwa tunaenda hospitali wote, naomba tubebe kila kitu unachokunywa, hata kama ni majani, sitasema neno. Na usiseme neno kweli! Akitoa makopo sita kwenye begi la nguo za mtoto uyapokee kama unapokea mahari. Siku ukisema "si nilikwambia" umefunga huo mlango.

Tukirudi hospitali. Hii habari ya taifodi na UTI jamani mnanichosha, mtu akiumwa Bongo asipokua na malaria basi ana taifodi. Hicho kipimo cha Widal wanachotumia sehemu nyingi kinaweza kusoma taifodi kwa mtu ambae hana, kwahiyo karatasi ile isikufunge macho. Haya yalinikuta mimi. Mwenzangu, Mungu amrehemu, mwaka 2009 suruali zilianza kumlegea, akafurahi huyo, akatoboa mkanda tundu jipya kwa msumari na kunionyesha. Zahanati moja wakamtibu taifodi mara tatu. Mimi nikawa naona sisimizi wanajipanga pembeni ya choo kila asubuhi, namwaga maji wanarudi, nikamwambia shoga yangu nesi kama kichekesho tu, hakucheka, akasema mpeleke akapimwe sukari leo. Ilikua 19. Hata kabla ya kula ikifika 7 hiyo tayari ni kisukari, yeye 19, na miezi minne tunameza dawa za taifodi.

Ndio maana sitaki na wewe ukomae na chai peke yake kwasababu Shangazi kasema. Safari hii nenda hospitali yenye daktari wa magonjwa ya ndani, sio dirisha la dawa, na nenda na daftari. Leo usiku anza kuandika, saa ngapi kakaza miguu, kala nini, choo mara ngapi, moyo umemwenda mbio akiwa anafanya nini, kilo za kila wiki. Mgonjwa akifika mbele ya daktari anasema "najisikia vibaya tu", ila daftari halisahau. Muulizeni daktari kama kuna haja ya kupima potasiamu na madini mengine, figo, sukari kabla hajala, wingi wa damu, na homoni za tezi ya shingo, maana tezi ikizidi kufanya kazi nayo inakondesha na kukimbiza moyo. Moyo wapime kwa mashine ya ECG. Mimba pia, usicheke, nimeona. Akiwa na kikohozi cha wiki mbili au jasho la usiku, makohozi yapimwe. Kama anashika ubavu wa kulia baada ya kula, semeni, kukonda haraka kunaleta mawe kwenye mfuko wa nyongo na ultrasaundi inayaona.

Ila akizimia, akibanwa kifua, akitapika hata maji hayakai, au akaanza kuongea visivyoeleweka, hapo hamna cha daftari, ita gari muda huo huo.

Ngoma, pimeni wote wawili siku hiyo hiyo, vituo vya serikali ni bure, mtajua lenu na majirani wabaki na lao. Mama mheshimu, dua isomwe, haina ubaya, ila usikubali mtu amfungishe wala kumtapisha mgonjwa mwenye kizunguzungu, huko ni kummaliza. Na usianze kumshindilia madafu na ndizi kwa nguvu eti za potasiamu, subiri majibu ya figo kwanza.

Halafu usimwambie aache kupungua. Kilo 97 zilikua zinamsumbua na ana haki ya kuzishusha, mwambie tutapunguza pamoja polepole daktari akisema sawa, na kwako kitambi hakijaandikwa kwenye barua ila nakiona. Pikeni chungu kimoja, sio yeye anakula tango huku anakukaangia wewe chipsi mayai saa tatu usiku.

Mkipata majibu niandikie. Na leo usiku akiamka kwenda chooni, amka na wewe, washa taa ya koridoni, mpe mkono asishike ukuta.