Adapta ya faiba haibadilishi kitu

SWALI: Mimi ni fundi wa mitandao, na nimepewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili mwongozo wa kufunga transiva za SFP, vile vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye swichi ili kutuma na kupokea mwanga kupitia faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo. Je, konekta za LC na SC, yaani aina mbili za vichwa vya kamba ya faiba, niziite viunganishi? Na ile adapta inayokutanisha konekta mbili niiite kiunganishi pia, au niiite kibadilishi, kama nilivyoona katika miongozo mingine?

JIBU: Sehemu ya kwanza ya swali lako haina ugomvi. Kiunganishi ni neno lililoundwa vizuri kutokana na kitenzi unganisha, na ingawa wanasarufi walikwisha kulitwaa kwa ajili ya maneno kama "na" na "lakini", sijasikia fundi aliyefungua kabati la swichi akitarajia kukuta "lakini" imechomekwa kwenye tundu. Andika kiunganishi cha LC au konekta ya LC, upendavyo, mradi utakalolichagua katika ukurasa wa kwanza ndilo litakalomfikisha msomaji wako ukurasa wa mwisho.

Hilo la pili, kibadilishi, ndilo nililokuwa nikisubiri mtu aliulize, maana limenikera kwa muda mrefu na linazidi kuota mizizi kila mwongozo unapotafsiriwa kwa pupa. Ki- ya mwanzoni na -i ya mwishoni hutoa ahadi, kwamba kitu kinachoitwa kibadilishi kinabadilisha. Sasa itazame adapta yenyewe. Ndani yake mna kijibomba, mara nyingi cha seramiki, kilichopasuliwa upande mmoja kwa urefu, basi. Konekta moja huingia kutoka huku na nyingine kutoka kule, ncha zao hukutana katikati uso kwa uso, na kijibomba huzibana zisipishane, kwa kuwa kiini, yaani sehemu ya katikati inayopitisha mwanga, cha faiba ya modi moja (ile ambayo mwanga husafiri ndani yake kwa njia moja tu) kina kipenyo cha mikromita 9 hivi, na hitilafu ndogo ya mpangilio yatosha kuumwaga mwanga nje. Mwanga uliofika kushoto ukiwa na urefu wa wimbi wa nanomita 1310 utaendelea kulia ukiwa na nanomita zilezile 1310, umepungua nguvu kidogo tu. Haukugeuzwa wala haukukuzwa. Kumwita huyu kibadilishi ni kama kumwita mshenga bwana harusi.

Asili ya neno nayo haiwatetei watafsiri wetu. Adapta limetufikia kupitia Kiingereza kutoka Kilatini, ambako adaptare ni kukifanya kitu kikae sawa na kingine, wakati badili ni neno lenye asili ya Kiarabu la kuondoa hiki na kuweka kile.

Mfano ninaoupenda, kama kupenda ndilo neno, ni sentensi ya namna hii: "Tumia kibadilishi ili kubadilisha konekta ya kijani kuwa ya bluu." Katika faiba ya modi moja rangi hizo si mapambo. Bluu huwa ni UPC, ambayo ncha yake imesuguliwa ikabaki na mbinuko mdogo sana, karibu kuwa bapa, na kijani ni APC, ambayo ncha yake imekatwa mshazari kwa pembe ya digrii 8 ili mwanga unaoakisiwa utoroke nje ya kiini badala ya kurudi kwenye leza. SC ya kijani na SC ya bluu zina umbo moja kwa nje, kwa hiyo adapta itazipokea zote mbili bila kinyongo, na kila moja italia "tak" ya kukubali. Humo ndani, lakini, ncha ya mshazari imekutana na ncha bapa, katikati yao pamebaki kabari ya hewa, mwanga mwingi unapotea na mwingine unarudi ulikotoka. Fundi anausoma tena mwongozo, anaona umeandikwa kibadilishi, naye anangoja kibadilishe. Anasafisha ncha, anabadilisha transiva, anabadilisha kamba nzima, na mwishowe anakwenda kununua kibadilishi kingine, hata inakuwa kwamba kilichoshindwa kubadilisha chochote katika kisa hiki chote ni kibadilishi peke yake. Laiti ingeandikwa kwamba adapta inakutanisha, angejiuliza mapema ni nini na nini vinavyokutanishwa.

Kibaya zaidi, jina lenyewe limeporwa kwa mwenyewe. Kipo kisanduku kinachopokea waya wa shaba upande mmoja na faiba upande wa pili, chenye kuhitaji umeme wake, kinachogeuza ishara za umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme. Mafundi hukiita midia konvata, na hicho ndicho kibadilishi halali. Anayeagiza "vibadilishi" 20 stoo akikusudia adapta asishangae akiletewa visanduku 20 na waya zake za umeme.

Kwa hiyo andika adapta. Wengi kazini husema kapla, na sina neno nao. Usiiite kiunganishi, kwa sababu jina hilo umekwisha kuipa konekta, na agizo la "ingiza kiunganishi kwenye kiunganishi" halimfai mtu aliyesimama juu ya ngazi. Pale pande mbili zinapotofautiana, kwa kuwa ncha ya LC ina kipenyo cha milimita 1.25 na ya SC milimita 2.5, sema "adapta ya LC na SC". Hao waandikao "ya LC kwenda SC" wanaendeleza ndoto ileile ya mageuzi, kana kwamba adapta ikishikwa kinyume inakuwa kitu kingine.

Dume na jike, ambayo wahariri wengine huyafuta kwa aibu, yaache. Konekta za LC na SC zote ni dume, ndiyo maana mbili hazishikani bila adapta katikati. MPO, konekta ya aina nyingine ambayo mara nyingi hubeba nyuzi 12 katika ncha moja, ina dume mwenye pini mbili na jike mwenye matundu. Transiva inayotumia MPO huja na pini zake, kwa hiyo andika wazi "chomeka konekta jike, isiyo na pini" badala ya kumwagiza msomaji ahakikishe "jinsia inayofaa", akabaki akijitazama.

Transiva liache lilivyo. Limetokana na kukata vipande vya maneno mawili, la kutuma na la kupokea, na tukijaribu upasuaji huohuo kwa Kiswahili tunazaa kitu kama kitumapokezi, ambacho sikipingi, ila sitaki kuwa wa kwanza kukitamka mbele ya mafundi. Ngeli ni ileile ya adapta: transiva hii imechomekwa, transiva hizi zimechomekwa. Wanaosema "matransiva" nimechoka kuwazuia.