Katavi: tenga fedha za gari kabla ya fedha za kitanda

Wengi wanaoniuliza kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Katavi huanza na kiingilio. Kwa sisi Watanzania, hicho ndicho kidogo kuliko vyote. Kinalipwa kwa shilingi, kwa kila saa 24, na unapewa namba ya malipo ukamalizana nayo kwa simu au benki. Fedha taslimu getini haina kazi, kwa hiyo weka salio la kutosha ukiwa bado Mpanda mjini, mtandao haujaanza kukuchezea.

Kinachomaliza mfuko ni gari. Bila gari la juu, lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, Katavi utaisikia tu. Tafuteni wenzenu wanne au watano mchange, mkodi Mpanda, na kabla ya kutoa hata senti mkague tairi za akiba (moja haitoshi) na mjaze tangi. Ndani ya hifadhi hakuna kituo cha mafuta, wala duka la kukuokoa na njaa. Kitanda kisikusumbue. Kuna mabanda ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) Sitalike, kijiji kilicho mlangoni mwa hifadhi, na maeneo ya kupiga hema, na mwenye fedha za kigeni ana kambi zake za kifahari.

Kufika Mpanda kwenyewe si adha tena kama zamani. Barabara ya Tabora ina lami, na mwenye subira anaweza kuja na treni kupitia Kaliua. Kutoka Mpanda hadi Sitalike ni mwendo wa kama kilomita 40. Hapo, kwenye Mto Katuma, viboko unawaona ukiwa kijijini. Nawajua watu waliofika hapo kwa bodaboda, wakapiga picha, wakarudi mjini kutangaza kuwa wameimaliza Katavi. Sibishani nao.

Katavi yenyewe ina kilomita za mraba 4,471, na sehemu kubwa ni miombo mikavu ambamo unaweza kuzunguka asubuhi nzima ukaambulia vumbi. Siri iko kwenye maji. Kuanzia Julai hadi Oktoba Katuma inanywea, maziwa ya Katavi na Chada yanabaki nyasi na tope, na kila chenye kiu kinasogea kwenye vidimbwi vilivyobaki. Hapo ndipo viboko hurundikana kwa mamia ndani ya tope, migongo imegusana, madume yakiraruana kwa nafasi. Harufu yake jiandae nayo. Mamba nao hujibanza kwenye mashimo waliyoyachimba kingoni mwa mto. Nyati huja kwa makundi makubwa, na simba wanajua ratiba yao. Maji haya yanapungua pia kwa sababu ya mashamba ya mpunga yanayoyachepusha huko juu, na ukiona kiboko amelala kwenye tope lililoanza kupasuka utaelewa kwa nini suala hilo linawaumiza vichwa wahifadhi.

Basi mwambie dereva mapema: twende Ikuu, kwenye vidimbwi vya viboko, tuzime gari, tukae. Madereva waliozoea hifadhi za kaskazini hupenda kukimbizana, huyu kapigiwa simu kuna chui, yule kaona duma. Katavi hakuna wa kukupigia, na unaweza kumaliza siku bila kukutana na gari lingine. Saa tatu mahali pamoja, karibu na maji, zitakupa zaidi ya siku nzima ya kuzunguka. Lala ndani ya hifadhi usiku angalau mbili, maana asubuhi ya kwanza huishia kwenye kujifunza njia. Ukitaka kutembea kwa miguu inawezekana, lakini ni pamoja na askari mwenye silaha, na anachosema yeye ndicho kinachofuatwa, hata akisema turudi.

Karibu na Ziwa Katavi kuna mkwaju ambao Wabende wanaamini ndimo anamokaa mzimu Katabi, aliyeipa hifadhi jina. Wapo wanaoacha sadaka chini yake hadi leo. Usiziguse.

Machi na Aprili usije. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa hauna huruma na gari la mtu yeyote, na wanyama wametawanyika porini.

Mwisho, mbung'o. Wako wengi, hasa miomboni, na hufuata gari linalotembea. Nguo za bluu na nyeusi acha nyumbani, maana hata mitego ya kuwanasa hushonwa kwa rangi hizo. Vaa kaki nzito yenye mikono mirefu, funga vioo mkipita msituni, fungueni mkifika uwandani. Dawa za kujipaka usizitegemee sana. Madereva wengine huning'iniza nyuma ya gari kopo la kinyesi cha tembo kinachofuka moshi; ukiliona usicheke, kaa upande wa moshi. Na ukishikwa na homa baada ya safari, kipimo cha malaria kikaonyesha huna, mwambie daktari ulipitia kwenye mbung'o ili akupime malale.