Nyumba ya wazee ya kumweka mama, Kampala
Dada, unauliza kama nyumba ile inafaa kwa mama kwa kuwa mapokezi yake yanang'aa. Mapokezi achana nayo. Nenda jioni bila kupiga simu, saa ya chakula, uone nani anamlisha mzee asiyeweza kushika kijiko. Uliza usiku wanabaki wahudumu wangapi. Na mama akishaingia, kila ukimtembelea mkague mwenyewe visigino na kiuno: asiyejigeuza asipogeuzwa kila saa mbili hivi, vidonda vya kulalia havichelewi. Shangazi yangu tulimkuta navyo kwenye nyumba kama hiyo, na daftari lao linasema "anaendelea vizuri"! Pesa za SAGE, ruzuku ya serikali kwa wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, usizitegemee kulipia. Bakateyamba, nyumba ya wazee ya masista kule Nalukolongo, umefika?