Gari Jembamba Nalo Lina Haki ya Kushinda

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Mini yake ya zamani, kigari cha umeme cha mashindano cha kipimo cha 1/32 (mara 32 kidogo kuliko gari halisi), inapinduka kila kona ya njia ya mfereji, ile yenye mifereji inayoyaongoza magari, huku vigari vipana vya mfano wa magari ya mbio za Le Mans vikimpita. Wenzake wamemwambia anunue gari lingine. Kidonda changu kimetoneshwa, maana nami niliambiwa hivyohivyo kwa sababu ya Fiat 500 yangu, mbele ya watu, tena na mtu niliyemheshimu. Sikununua. Nilikaa na kalipa, kile kifaa cha kupimia upana kwa usahihi, na kikokotoo mpaka nikajua kasoro ilikuwa kwenye kanuni zao za mbio.

Mini halisi ina upana wa takriban mita 1.41, ukigawa kwa 32 unapata milimita 44. Porsche 917, gari pana la Le Mans, kwa kipimo hichohicho inakaribia milimita 62. Kinacholizuia gari lisipinduke ni nusu ya upana wa magurudumu ikilinganishwa na kimo cha kitovu cha uzito. Kimo kikiwa sawa, na magurudumu yakifika kwenye kingo za bodi, Mini itapinduka kwenye kasi ya kama asilimia 84 ya ile inayoipindua Porsche. Dereva hodari hawezi kuifuta tofauti hiyo kwa kidole chake kwenye kidhibiti cha kasi.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotea. Gari hupinduka pale tairi zinaposhika kupita kiasi. Zikishika kidogo, litateleza kabla ya kupinduka, na likiteleza upana hauna tena nguvu kubwa. Kwa hiyo wapeni wote tairi za aina moja, za mpira mgumu kiasi. Sumaku iliyo chini ya gari, inayolivuta kwenye reli za chuma za njia, ing'olewe kwa kila mtu: mvuto uleule wa kwenda chini hulisaidia zaidi gari pana, kwa kuwa umbali kutoka katikati yake hadi gurudumu ni mrefu. Siku nilipowashawishi wenzangu kujaribu hayo mawili, Fiat yangu ilimaliza mbele ya magari yaliyokuwa yakiicheka, na sioni haya kusema nilifurahi sana.

Bado linapinduka? Ruhusuni magari membamba yabandike vipande vyembamba vya madini ya risasi sakafuni mwa chasisi. Kitovu cha uzito kitashuka, na uzito huo utayachelewesha kidogo kwenye njia iliyonyooka, kwa hiyo asilalamike mtu kuwa ni upendeleo.

Pimeni kutoka ukingo wa nje wa tairi moja ya nyuma hadi wa nyingine, kisha mpange makundi kwa kipimo hicho. Jina la gari lisiwahadae. Kila gari lipite kwenye kila njia, ya ndani na ya nje. Na pale njia zinapokaribiana, gari pana linaloyumbisha mkia na kumng'oa jirani kwenye mfereji wake lihesabiwe kosa. Ndugu yangu mwenye Mini, yadai haya kabla ya mbio kuanza, na uwe na kalipa mkononi.