Maswali na majibu ya raga: Counties hawalipi, acheni kuuliza

Barua za safari hii karibu zote zinahusu ligi za Counties, zile ligi za chini za raga ya Uingereza ambako fundi bomba, mwalimu na mwanafunzi wa uhasibu huvaa jezi moja Jumamosi. Wanaoandika ni ndugu zetu walio Leicester, Reading na London, pamoja na vijana walio nyumbani wanaotamani kuwafuata. Waliouliza dirisha la usajili linafungwa lini nimewaweka kando. Hiyo ni kandanda.

Shikamoo mzee. Mimi ni propu, miaka 23, niko Kakamega. Ajenti anasema amenipatia klabu ya Counties 2, pauni 400 kwa wiki pamoja na nyumba. Anataka nimtumie shilingi 60,000 za kufungua faili. Nimwamini?

Marahaba. Usimtumie hata ndururu.

Hesabu nami kutoka juu: Premiership, Championship, National 1, National 2, Regional 1, Regional 2, kisha Counties 1, ndipo uifikie Counties 2. Hilo ni daraja la nane. Huko chini mchezaji ndiye anayelipa: ada ya mwaka, na pauni chache kila siku ya mechi ili taa za mazoezi ziwake na wageni wapate chakula baada ya kipenga cha mwisho. Propu, yaani yule wa safu ya mbele, akitokea na viatu vyake mwenyewe anapokelewa kwa shangwe, lakini hakabidhiwi mshahara.

Najua kuna watakaoniandikia kwamba wapo wanaopenyezewa bahasha. Wapo. Na klabu za namna hiyo hupanda madaraja mawili haraka haraka, mfadhili akichoka zikabaki na deni na wachezaji tisa.

Halafu kuna visa. Ile ya mwanamichezo wa kulipwa inataka barua ya chama kinachosimamia mchezo, na sharti lake ni mtu aliyekwisha kujijengea jina kimataifa katika kiwango cha juu kabisa. Ajenti anayekwambia atalikwepa sharti hilo kwa ajili ya klabu ya daraja la nane ameshakuona mjinga.

Tena ugomvi wa pesa katika raga ya Uingereza haukuanza jana. Mwaka 1895 vilabu vya kaskazini vilikutana Huddersfield vikajitenga, kwa sababu wachimba makaa na watu wa viwandani walipoteza ujira wa Jumamosi ili wacheze, na mabwana wa chama wakakataa wafidiwe. Raga ya wachezaji 13 ilizaliwa hapo. Hii yetu ya 15 ilikaa miaka mia nzima, hadi 1995, ndipo ikakubali malipo hadharani, na pesa zenyewe hazikushuka hadi huku. Klabu ya Kabras iko mlangoni kwako, hapo Kakamega. Anzia hapo.

Counties 1 na Counties 4, ipi ya juu?

Namba ndogo ndiyo ya juu. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka.

Nimehamia magharibi mwa London. Klabu iliyo karibu nami inasema iko chini ya Middlesex, lakini sioni Middlesex kwenye ramani. Nimepotea?

Hujapotea. Baraza la kaunti ya Middlesex lilivunjwa mwaka 1965, ila raga haikupelekewa taarifa. Vyama vya kaunti vya mchezo huu vina mipaka yake vyenyewe: Nottinghamshire, Lincolnshire na Derbyshire wanakaa kwenye chama kimoja, na jeshi la majini lina chama chake kama vile nalo ni kaunti. Usiyachanganye hayo na mashindano ya kaunti kwa kaunti yaliyoanza 1889, ambayo huchezwa na vikosi teule. Ligi ni ya vilabu.

Ligi zilipangwa upya mwaka 2022, na moja ya sababu ilikuwa kupunguza safari, maana mtu anayeamka saa kumi na moja Jumatatu kwenda kazini hataki kurudi nyumbani usiku wa manane Jumamosi. Ndiyo maana klabu yako inaweza kuhamishwa kundi bila kupanda wala kushuka, ikajikuta inacheza na watu wa kaunti nyingine. Wewe chagua klabu unayoweza kuifikia kwa basi siku ya mvua. Hadhi ya daraja haitakutoa kitandani mwezi wa kwanza.

Mwalimu, nasoma Leicester na nimepata klabu ya Counties 3. Wanataka pia niwafundishe watoto Jumapili kwa pauni 20. Visa yangu inaruhusu kazi saa 20 kwa wiki, kwa hiyo hakuna shida, siyo?

Shida ipo, tena kubwa, na nashangaa jinsi mnavyoiruka. Visa ya mwanafunzi inakukataza kufanya kazi kama mwanamichezo wa kulipwa, na kufundisha mchezo kumo humo humo ndani ya katazo. Zile saa 20 ni za duka, mgahawa na maktaba. Malipo ya vitu nayo yanahesabiwa, kwa hiyo chumba cha bure kwa mwenyekiti au gari la kuazima si ujanja.

Kuna kipengele kingine kinachowanasa vijana wetu hasa. Aliyeichezea timu ya taifa ndani ya miaka 2 iliyopita, hata ya vijana kuanzia chini ya miaka 17, anaweza kuhesabiwa mwanamichezo wa kulipwa ingawa hajawahi kupokea senti. Kama ulivaa jezi ya Chipu, timu ya Kenya ya chini ya miaka 20, mwaka jana, usiingie uwanjani kabla hujapiga hodi kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako. Uliza kwa maandishi, utunze jibu. Usimuulize katibu wa klabu. Ni mtu mwema, anatengeneza boila, na atakwambia hakuna tatizo kwa sababu Jumamosi anahitaji mtu wa namba 8.

Na kama ulisajiliwa na chama cha Kenya, idhini ya uhamisho wa kimataifa itoke Nairobi kwanza. Omba mapema. Mnaiomba Alhamisi kisha mnalalamika Ijumaa.

Wapinzani wetu walituma ujumbe Ijumaa usiku kwamba hawana safu ya mbele. Tukapewa ushindi wa mezani na pointi 5. Wenzangu walishangilia, mimi nilikuwa nimeshaomba ruhusa kazini. Hivi ni haki?

Pointi ni halali. Kushangilia ndiko kulikonikera.

Mnajua pointi zinavyopatikana: 4 za kushinda, 2 za sare, 1 kwa trai nne (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani), 1 kwa kufungwa kwa tofauti isiyozidi 7. Mlipewa mavuno ya mchana mzima bila kutoka jasho. Lakini klabu inayoghairi mara ya kwanza kwa kukosa propu, mara ya pili hughairi kwa kukosa watu, na baada ya hapo jina lake halionekani tena kwenye msimamo. Kundi likipungua, nanyi mnakaa Jumamosi nyingi bila mechi, baa ya klabu haiuzi, na baa hiyo ndiyo inayolipia kukata nyasi.

Sheria ya safu ya mbele haina mzaha, wala isiwe nao, kwa sababu skramu, lile sukumano la wanane kwa wanane, ikiporomoka juu ya asiyeizoea shingo inavunjika. Kikosi cha watu 15 kiwe na watatu wanaojua kazi hiyo; cha 16 hadi 18 kiwe na wanne; cha 19 hadi 22, watano; cha 23, sita. Sasa tafuta watu sita wa kilo 110 katika mji mdogo, waliokubali kukandamizwa masikio kwa hiari yao, wote wasiwe na harusi, zamu ya kazi wala mtoto mgonjwa siku moja. Kukosekana kwao kunaeleweka. Kisichoeleweka ni kukaa kimya.

Hapa niseme ninalolisema kila mwaka. Klabu ya daraja la chini ni kama chama cha kuzikana: jina lako kwenye daftari halimsaidii mtu, kinachotakiwa ni uje. Mtu anaandika “nipo” kwenye grupu la WhatsApp Jumanne, Alhamisi haonekani mazoezini, Jumamosi asubuhi simu imezimwa. Huyo anaua klabu kuliko kocha mbovu. Aliyeandika Jumanne kwamba hatakuwepo amemwachia nahodha siku nne za kutafuta mwingine, na mimi namheshimu.

Kwa ngazi za chini kabisa RFU, chama cha raga cha Uingereza, wameweka utaratibu wanaouita Game On: manahodha wakubaliane kucheza na watu pungufu, hata 10 kwa 10, skramu zisiwe za kusukumana, dakika zipunguzwe. Wapinzani wenu wangepiga simu mapema, mngecheza. Nanyi mngeweza kuwapigia. Nani alipiga?

Nimeadhibiwa kwa kumkaba mtu kifuani, na kwenye televisheni naona wanakabana hadi mabegani. Refa hajui sheria?

Anaijua, wewe ndiye hujasoma. Unaowaona kwenye televisheni ni Premiership, mpaka wao ni mstari wa mabega. Kuanzia National 1 kushuka hadi kwenu, tangu Julai 2023 mkabaji anatakiwa awe chini ya ncha ya mfupa wa kifua. Mwanzoni chama kilitangaza kiunoni, vilabu vikaja juu, chama kikaomba radhi na kupandisha mpaka. Kelele zile zilinichosha, lakini sheria yenyewe naiunga mkono: vichwa viwili visikutane mahali pamoja. Inama kutoka magotini, si kutoka kiunoni, na jifunze Alhamisi.

Niligongwa kichwa Jumamosi, nikaona nyota kidogo, nikaendelea. Sasa niko sawa kabisa. Kocha anasema nipumzike wiki moja. Naweza kucheza Jumamosi hii?

Hapana. Na kocha wako akasome.

Mwongozo wa Uingereza kwa michezo ya ridhaa, uliotolewa Aprili 2023, unasema anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atoke mara moja na asirudi siku hiyo. Ile ya kupimwa dakika chache na kurejea uwanjani ni ya wenye madaktari pembeni. Ninyi mna mfuko wa barafu na bibi mwenye cheti cha huduma ya kwanza. Mazoezi ya kugongana hayaruhusiwi hadi upite siku 14 bila dalili yoyote, na mechi haiji kabla ya siku ya 21. Hizo 21 ni za chini kabisa, tena kama kila hatua imekwenda vizuri. Kujisikia sawa siku ya tatu hakuna maana yoyote, kwa sababu ubongo unaojipima ndio ule ule uliogongwa. Maumivu ya kichwa yakizidi, ukatapika au ukachanganyikiwa, nenda hospitali usiku huo huo, usiniandikie mimi.

Uliendelea kucheza na hakuna aliyekutoa. Hilo la klabu yako linanitisha kuliko nyota zako.

Mwanangu ana miaka 17, ni mkubwa wa mwili, klabu inataka acheze propu na watu wazima. Nimruhusu? (Mama, Reading)

Mama, kwa 17 anaweza kucheza na wakubwa iwapo wewe umeridhia kwa maandishi na amepimwa kwamba yuko tayari. Safu ya mbele asahau hadi afike 18. Klabu inayokushawishi vinginevyo ina njaa ya mapropu. Mtoe hapo.

Refa wa mechi yetu alikuwa baba wa winga wao! Tukate rufaa?

Mkate rufaa kwa nani, na mtu mwingine hakuwepo? Chama cha waamuzi kisipokuwa na wa kumtuma, klabu hutoa wake, na washika vibendera wa pembeni kwenye ngazi hiyo ni wenu siku zote. Mzee wa watu alikimbia dakika 80 kwenye matope huku mkimzomea, na mkawauliza wachezaji 22 wa klabu yenu nani yuko tayari kufanya kozi ya urefa, wote wataangalia chini. Wewe uliyeniandikia, jiandikishe.

Kwa nini tulipe ada wakati RFU wana uwanja wa watu 82,000?

Swali zuri kuliko yote humu. Mwaka wa fedha wa 2023/24 chama kiliandika hasara ya uendeshaji ya pauni milioni 37.9, na mwaka huo huo mkurugenzi wake mkuu akalipwa jumla ya pauni milioni 1.1, bonasi ikiwemo. Vilabu vikalazimisha mkutano maalumu Machi 2025, kura ya kutokuwa na imani ikapigwa, na akabaki. Vilabu vingi havikuhudhuria, vikapigiwa kura na wengine au havikupiga kabisa. Yale yale ya grupu la WhatsApp.

Ada yako hata hivyo haiendi Twickenham, uliko uwanja huo. Inalipa bima, maji ya moto na mashine ya kufulia jezi. Vilabu vya Premiership vya Worcester na Wasps vilifilisika 2022, London Irish 2023, na vyote vilikuwa na wafadhili. Lipa.

Wanawake wanayo ligi kama hii?

Wanayo, inaitwa National Challenge, na inatafuta wachezaji usiku na mchana.

Mechi huanza saa ngapi?

Saa tisa alasiri mwanzoni mwa msimu, saa nane au nane na robo siku zikifupika. Mchezaji afike angalau saa moja kabla, na kilinda meno chake mwenyewe. Hawaazimishani.