Baada ya Tanga Kuanuliwa: Kwa Mzazi Mwenzangu Uliyefiwa na Mtoto

Siku za msiba zina wenyewe. Majirani wanapika, mashangazi wanatandika mikeka, simu yako anaishika mtu mwingine, na hata usipokula kuna mtu wa kukulazimisha uji. Mimi naandika kuhusu kinachofuata, turubai likishashushwa na masufuria ya kukodi yakisharudishwa, ukabaki na mume, watoto waliobaki, na begi la shule lisilo na wa kulibeba.

Mwanangu alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Bandama lilivimba asubuhi, tukamkimbiza hospitali, na usiku wa siku hiyo hiyo akatutoka. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza.

Sisi Waislamu wa huku Tanga hatucheleweshi maiti, na kwa kawaida wanawake hatuendi kuzika. Kwa hiyo mwanangu alitoka mlangoni mikononi mwa baba yake, nami nikabaki ndani na wanawake wenzangu. Sina ugomvi na desturi hiyo. Lakini akili yangu haikuwa imeona mwisho. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisikia kikohozi chake chumba cha pili, nikainuka kwenda kumfunika. Mpaka usiku mmoja nikamwomba mume wangu anisimulie maziko yote, asiruke kitu. Akaniambia nani aliingia naye kaburini, jinsi alivyomlaza kwenye mwanandani akamwelekeza kibla, udongo ulikuwa wa namna gani, nani alisoma talakini. Alipofika kwenye kufukia, akalia. Tangu msiba uanze sikuwa nimemwona akilia. Tulikaa mpaka alfajiri, na toka siku ile kile kikohozi sikukisikia tena.

Ndiyo maana nakwambia: kama kuna sehemu ya kifo cha mwanao ambayo hukuiona, uliza. Muulize aliyekuwepo. Rudi hospitali, omba kuonana na daktari au muuguzi aliyemhudumia, umweleze yanayokutesa usiku. Mimi nilikuwa najiuliza kama tungefika mapema kidogo. Daktari aliniketisha akanieleza jinsi damu inavyoweza kukimbilia kwenye bandama la mtoto mwenye selimundu na kumwishia mwilini kwa saa chache tu, hata mtoto aliyeamka akicheza. Maelezo yale hayakuniondolea uchungu. Yaliniondolea mashtaka.

Watakwambia usilie, eti unamsumbua mtoto huko aliko. Watakwambia matanga ni siku tatu, jikaze. Hizo siku tatu ni za kukaa msibani; hakuna aliyeuwekea moyo muda. Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto mchanga bado, macho yake yalitiririka machozi. Abdurrahman bin Auf akastaajabu, hata wewe? Akamjibu kwamba hiyo ni rehema. Akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kama yeye alilia mbele za watu, mimi na wewe tutajificha chooni kwa nini? Na wenzetu Wakristo nao wanasoma kwamba Yesu alilia machozi Lazaro alipokufa.

"Utapata mwingine" ni neno ninaloomba lisitamkwe tena kwenye msiba wa mtoto. Anayelisema hana ubaya. Lakini mtoto hana mbadala, na mama aliyefiwa akisikia hivyo anajiona yuko peke yake zaidi.

Kisha zinakuja lawama. Kwetu zilianza kabla ya arobaini. Upande mmoja ukasema ugonjwa umetoka kwa ukoo wa mama, upande wa pili wa baba, na wapo walionong'ona mkono wa mtu. Ndoa nyingi huvunjikia hapa. Mtoto hawezi kuugua selimundu kwa kurithi upande mmoja tu. Baba na mama wote wawili wanakuwa wamebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo, mara nyingi bila kujua, kwa sababu mbebaji kwa kawaida haumwi. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Tanzania huzaliwa takribani watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, kwa hiyo wazazi wa aina yetu tumejaa mitaani. Na kuna jambo jingine lililonituliza nilipoelezwa. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi upande mmoja tu anakingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Maana yake kilichomuua mwanangu ndicho huenda kiliwanusuru baadhi ya babu zetu wa pwani hii yenye mbu, wakaishi mpaka nasi tukazaliwa. Nilimsomea mama mkwe wangu habari hiyo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi mwanangu, hakuna wa kumlaumu." Mazungumzo ya ukoo wa nani yakaishia hapo.

Muangalie na baba wa mtoto. Wanaume wanaambiwa wawe nguzo, halafu wanaachwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya malipo isiyopungua siku 4, na siku hizo ni za ugonjwa wa mtoto au kifo chake, zote humo humo. Ukishazitumia mtoto akiwa amelazwa, ukifiwa unamtegemea mwajiri mwenye utu. Mume wangu alirudi kazini na macho mekundu, akaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Nilidhani ameshasahau. Kumbe alikuwa anakaa ufukweni peke yake hadi giza liingie. Watu wawili wanaweza kuomboleza mtoto mmoja kwa njia mbili tofauti, na anayenyamaza si lazima awe na uchungu mdogo.

Nguo na vitu vya mtoto, usikubali viondolewe ukiwa bado umeduwaa. Ndugu hufanya hivyo kwa huruma, wanagawa kila kitu ili usivione. Waambie wasubiri. Mimi nilikaa na kadi yake ya kliniki na chupa yake ya maji, ile aliyokuwa akienda nayo shule kwa sababu mtoto wa selimundu lazima anywe maji mengi. Sare niliitoa mwenyewe, siku niliyoiweza, kwa mtoto wa jirani.

Na jina lake mlitaje. Kwetu lilipotea ghafla, kila mtu akisema "marehemu" au "yule mtoto". Dada yake mdogo, naye ana selimundu, ndiye aliyelirudisha. Alilitaja mezani, watu wazima wote wakaacha kula. Kisha akaniuliza, "Na mimi nitakufa?" Sikumwambia hapana, maana watoto wanajua. Nilimwambia wana ugonjwa mmoja, kwamba kaka yake aliumwa ghafla sana, na kwamba yeye tunampa dawa kila siku na tunampeleka kliniki ili akue. Sasa anatumia haidroksiyurea, dawa ya selimundu, maumivu yamepungua sana, na kila jioni ananikumbusha mwenyewe nimpapase ubavu wa kushoto, kama daktari alivyotufundisha, kuangalia bandama.

Uchungu ukifika mahali hulali wala huli kwa wiki nyingi, huwezi kumshika mtoto aliyebaki, au unatamani kumfuata aliyekwenda, hilo si la kuvumilia peke yako. Mwambie mtu siku hiyo hiyo. Hospitali za mikoa na nyingi za wilaya zina maofisa ustawi wa jamii na huduma ya afya ya akili. Kwenda huko hakupunguzi imani yako hata kidogo.

Tumaini langu halikuja kwa kishindo. Siku ya kwanza nilipocheka kwa sauti nilishtuka, kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi. Siku hizi nacheka. Siku za kliniki nakaa benchi moja na akina mama ambao wameambiwa majibu ya kipimo wiki ile ile. Nawaonyesha pa kupapasa, nawaambia homa ya mtoto huyu haisubiri asubuhi. Wengine wananiuliza kama nami nina mtoto mwenye selimundu. Najibu ninao wawili, mmoja yu hai, na nataja majina yote mawili.

Kama wewe hukufiwa ila una jirani aliyefiwa, usiende siku tatu za mwanzo tu. Nenda baada ya arobaini, watu wameshapungua. Beba sukari au unga, mfulie nguo kama anakuruhusu, umuulize mwanawe alipenda kula nini na alikuwa na vituko gani. Atalia. Kaa naye.